Gari la Mume wa Doreen

Yusuf alizikwa Jumatano baada ya sala ya adhuhuri, na sisi wanawake tulibaki nyumbani kwake Stechford tukimzunguka mke wake, Hodan. Nilikuwa Mkristo peke yangu katika chumba kile, na Mkongo peke yangu, lakini hakuna aliyeniuliza nimefikaje. Wote walinijua. Mimi ni Furaha wa gereji. Makochi yalikuwa yametolewa sebuleni, mazulia yametandikwa ukuta hadi ukuta, na kila mlango wa jikoni ulipofunguliwa iliingia harufu ya iliki na ya wali wenye zabibu. Walimsifu marehemu kwa Kisomali, kisha wakarudia kwa Kiswahili kwa ajili yangu: mtu mpole, mtu wa nyumbani, mtu aliyejua kuridhika na alichonacho. Hapo kwenye kuridhika nikainamisha macho. Binti yake mkubwa, aliyezaliwa hapa hapa Birmingham, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri ila hujibu kwa Kiingereza, akaniegemea begani na kuninong'oneza kwamba amesikia watu wakisema baba yake aliwahi kuwa na gari la ajabu, gari la matajiri. "Auntie, ni true?" Nilimtazama Hodan. Alikuwa amesikia. "Mwambie," alisema. "Wewe ulikuwepo." Nikamweleza kidogo, kwa kadiri msiba unavyoruhusu. Hapa nataka kueleza yote.

Ulikuwa mwaka ule ambao kiwanda cha magari cha Longbridge kilifungwa. Mtu ambaye hakuwa hapa wakati ule hawezi kujua jiji lilivyokuwa, namna wanaume walivyosimama vituo vya basi wakiwa wamevaa majaketi ya kazi ambayo hayana kazi tena. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kiangazi kile kile, kozi ya kuchomelea na kunyoosha bodi za magari, msichana peke yangu darasani, na kila gereji niliyobisha hodi nilikuta foleni ya watu waliokuwa wamechomelea magari tangu kabla sijazaliwa. Msimamizi mmoja aliniambia kwa upole kabisa kwamba kama angekuwa mimi angejaribu saluni. Kwa hiyo nilifagia ofisi mjini, nikarudi Kingstanding kwenye chumba nilichopanga kwa familia ya Kikongo, chumba cha juu chenye dirisha lisilofunga sawasawa, na miwani yangu ya kuchomelea niliitundika kwenye msumari ukutani mahali ambapo wengine hutundika msalaba. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Sasa nikiwaona vijana wanaokuja kwangu kuomba kazi, mikono yao ikiwa mifukoni kwa aibu, huwa nakumbuka ule msumari.

Yusuf alikuwa dereva wa teksi. Siku moja ya mvua alinichukua kutoka kazini, nami nikawa naongea kwenye simu na rafiki yangu. Nilipokata, nikaona ananitazama kwenye kioo.

"Wewe ni Mkongo," alisema.

"Umejua namna gani?"

"Umesema 'niko nakuja.' Sisi kwetu Eastleigh mtu anasema tu 'nakuja,' anamaliza."

Tulicheka. Alikuwa Msomali aliyekulia Nairobi, na huko alikuwa fundi wa injini kabla ya kupitia Uholanzi na kuishia huku. Aliponiuliza nafanya nini, nikamwambia nafagia, lakini nimesomea kuchomelea bodi. Aliweka gari kando ya barabara, taa za hatari zikiwakawaka, akageuka mzima mzima kwenye kiti chake. "Wallahi? Unachomelea? Basi kuna kitu nataka ukione. Ukione halafu uniambie ukweli." Uniambie ukweli. Maneno hayo aliyarudia mara nyingi mwaka ule, na kila alipoyasema uso wake ulikuwa unaomba kitu kingine.

Gari lenyewe lilikuwa Kingstanding, mitaa michache tu kutoka nilikolala, katika kibanda cha matofali nyuma ya nyumba ya mjane mmoja wa Kiingereza aitwaye Doreen. Yusuf alizoea kumpeleka hospitali na kumrudisha, na safari moja yule mama alimwomba amsaidie kufungua mlango wa kibanda uliokuwa umekwama tangu mume wake afariki. Ndivyo alivyoliona. Marehemu mume wake, Ron, alikuwa amefanya kazi kwenye karakana ya West Bromwich ambako magari ya aina ile yaliundwa kwa mikono, machache machache, bodi ya Kiingereza na ndani yake injini kubwa ya Kimarekani yenye silinda nane. Karakana ilishakufa zamani, na magari mengi ya aina ile yalishaliwa na kutu. Hili moja lilikuwa limekaa gizani, pana, refu, boneti yake kama meza ya karamu, kioo cha nyuma kimepinda kama tumbo la samaki. Zamani lilikuwa la kijani. Siku aliyonipeleka, Yusuf alipitisha kiganja juu ya paa polepole, akifuta vumbi, na sikuthubutu kumwambia kwamba miguu yangu ilikuwa imesimama juu ya unga mwekundu uliomwagika kutoka chini ya milango.

"Mlichukue, bab," Doreen alituambia, maana watu wa huku huitana hivyo hata kama hawajuani. Alikuwa mwanamke mfupi, amevaa sweta la mikono mirefu na slipa, na hakuvuka kizingiti cha kile kibanda. "Sitaki chochote. Ila siku likitembea, mnipitie. Mnipakie, tuzunguke kidogo, mnirudishe. Basi."

Yusuf aliweka mkono kifuani. "Nakuahidi, Mama Doreen."

Nilimwangalia. Hakuwa amelitazama gari chini hata mara moja.

Tulilivuta kwa lori la kukodi hadi kwenye banda la bati alilokuwa amepanga karibu na reli ya Stechford. Kila treni ilipopita, spana zilitetemeka ukutani. Palikuwa na taa mbili ndefu, meza ya kazi iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani, birika la umeme, na baridi iliyopanda kutoka kwenye saruji mpaka magotini. Nikisema nilipapenda, watu hawaniamini. Nilipapenda kuliko nyumba yoyote niliyowahi kukaa. Mpango wa Yusuf ulikuwa rahisi kuusema: yeye injini, mimi bodi. Gari kama lile likitoka pale linang'aa, wenye magari ya aina ile watatutafuta kutoka kila kona ya Uingereza, na hakuna msimamizi atakayenitajia saluni tena. "Jina, Furaha," alikuwa akisema, huku akinimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye thamosi ya Hodan. "Tunatafuta jina." Nami nilikuwa nalitaka hilo jina kwa njaa ambayo hata leo nikiikumbuka, meno yananiuma. Kwa hiyo aliponiuliza, "Haya, linafaa au halifai?" nilimjibu kwamba siwezi kusema mpaka tuondoe viti na mazulia. Ulikuwa ukweli. Lakini nilifurahi pia kwamba ukweli wenyewe bado ulikuwa chini ya zulia.

Tukaanza kulivua. Mwalimu wangu wa chuo alitufundisha kusikiliza bati kwa nyundo ndogo: bati zima hulia, bati lililokufa hukohoa. Upande wa mbele ulilia vizuri, kwa sababu injini ilikuwa imevuja mafuta miaka mingi na mafuta yakakilinda chuma. Yusuf alipiga kelele kwa furaha. Kisha tukaondoa kiti cha dereva, na zulia likatoka na sakafu. Si kwamba sakafu ilikuwa na matundu. Sakafu ilikuja mkononi mwangu kama gome la mti, na chini yake nikaona saruji ya banda na kiatu cha Yusuf. Nilipeleka bisibisi kwenye kingo za chini ya milango, ikazama mpaka mpini. Nikapiga tena nyundo chini kabisa, kwenye zile bomba mbili nene za chesisi ambazo gari zima linazitegemea, na kuanzia katikati kwenda nyuma zikakohoa.

"Sakafu tunatengeneza mpya," alisema Yusuf haraka. "Kingo tunatengeneza mpya. Si ndiyo?"

"Hizo ndiyo."

"Na hizo bomba?"

"Bado nazitazama," nilimwambia.

Jumapili moja, nilipotoka kanisani kwetu Perry Barr, alinialika kwake kula. Hodan alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye macho ya kuchoka na ulimi mwepesi, na alinipenda mara moja, au alinihitaji, sikujua ni lipi. Nyumbani alikuwepo shangazi yake aliyekuja kutembea kutoka Uholanzi, bibi mcha Mungu aliyejua Kisomali na Kiholanzi, lakini Kiswahili hakujua hata neno. Tulikula mchele na nyama ya mbuzi na ndizi mbivu pembeni, nami nikaenda jikoni kuosha mikono. Ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba. Ghafla nikasikia mazungumzo yao yamehama kutoka Kisomali kuingia Kiswahili, na nikaelewa kwamba wanagombana mbele ya shangazi, kwa sauti ya upole kabisa, kama watu wanaoulizana habari za hali ya hewa.

"Jana simu ya ofisi yenu imepigwa hapa," alisema Hodan. "Wanauliza mbona huchukui safari. Ulikuwa wapi?"

"Unajua nilikuwa wapi."

"Uliniambia uko kazini."

"Hiyo ndiyo kazi, Hodan. Hiyo nyingine ni kukaa kwenye kiti."

"Usikunje uso hivyo, shangazi ataona. Mtoto anakuja, Yusuf. Nyumba hii ina unyevu, chumba cha mtoto hakijapakwa rangi, na wewe unalala chini ya gari la mzungu aliyekufa."

"Nilikuwa fundi. Watu walikuwa wanatoka Thika, wanatoka Machakos, kuniletea injini. Huku mtu akiingia kwenye teksi haangalii hata uso wangu. Unataka huyo mtoto anijue kama nani?"

Nikasikia shangazi akiuliza kitu kwa Kisomali na Yusuf akimjibu kwa kicheko. Kisha mlango wa jikoni ukafunguliwa na Hodan akaingia amebeba sahani, akaziweka, akafungua bomba la maji mpaka mwisho ili sauti yake isisikike. "Abaayo, umesikia," alisema. Alikuwa ananiita dada kwa lugha yake. "Mimi sijui mambo ya chuma. Wewe unajua. Mwambie haifai. Mimi hanisikii, lakini wewe ukisema haifai, atasikia." Nilisimama na mikono inachuruzika maji. Ningeweza kumwahidi, ilikuwa neno moja. Nilimwambia, "Nitasema kile nitaona, Hodan. Kikiwa kizuri nitasema kizuri, kikiwa kibaya nitasema kibaya." Alifunga maji. "Basi ona haraka," alisema.

Nimefikiria sana juu ya majuma yaliyofuata. Watu wawili walikuwa wanangojea mdomo wangu, mmoja akitaka ndiyo, mwingine akitaka hapana, na mimi mwenyewe, mtu wa tatu, nilikuwa nataka ndiyo kuliko hata Yusuf. Mwenye gari la kawaida akiuliza kama linafaa, jibu liko kwenye chuma. Kwa gari lile jibu lilikuwa limetapakaa kila mahali, kwenye chumba cha mtoto, kwenye teksi, kwenye msumari wangu wa Kingstanding. Nilichora namna ya kukata zile bomba na kuunganisha mpya. Nilipima, nikafuta, nikapima. Inawezekana, nilijiambia. Mtu mwenye karakana kamili, meza ya chuma ya kushikilia bodi isipinde, na mwaka mzima wa kula bila kufanya kazi nyingine, anaweza. Lakini akimaliza, kutoka usawa wa vitasa vya milango kwenda chini hakutakuwa na hata kipande kimoja ambacho Ron na wenzake walikigusa. Nikawa naenda kazini na hesabu hiyo kichwani, narudi nayo. Yusuf akawa ananitazama bila kuuliza, na huko kutouliza kulikuwa kunanichosha kuliko swali.

Kisha ikaja Jumamosi ile. Ilikuwa asubuhi, jua la baridi linaingia kwenye mlango wa banda. Yusuf aliinua gari upande kwa jeki, akaweka stendi chini ya ukingo, mahali ambapo bisibisi ilikuwa imegoma, akaingia chini kufungua bomba la moshi. Mimi, kwa mazoea ya chuoni, nilisukuma magurudumu mawili ya zamani, moja juu ya lingine, chini ya gari karibu na mbavu zake. Alinicheka. "Furaha, wewe unaogopa kama bibi yangu." Nilikuwa nimegeuka kuchukua tochi mezani niliposikia mlio, mlio mdogo tu, kama mtu aliyekanyaga bati la biskuti. Stendi ilikuwa imepenya ukingo na kuzama ndani ya gari. Gari lote likateremka, likatua juu ya yale magurudumu, likayumba. Vumbi jekundu likajaa banda. Treni ikapita. Sikumsikia Yusuf.

"Yusuf!"

Nilipiga magoti.

"Yusuf, sema kitu!"

"Niko," alisema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kujaza mapafu. "Koti langu limebanwa. Uso wangu... iko hapa, Furaha. Iko hapa kwa uso."

Nilitaka kuchukua jeki nikaiweka papo hapo, na mkono wangu ulishaanza kuisukuma, kisha nikajizuia. Mahali pale hapakuwa na chuma cha kubeba kitu. Nilizunguka kwenda mbele, nikapapasa chini ya injini mpaka nikapata kile chuma kilicholia vizuri, nikaiweka jeki hapo, nikaanza kupampu, nikiomba kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa lugha ya mama yangu ambayo sikuwa nimeitumia kuombea tangu utotoni. Gari likapanda kwa kusuasua. Nikamshika miguu nikamvuta. Alitoka akiwa mwekundu mwili mzima, nyusi, ndevu, kope, kama mtu aliyechimbwa ardhini. Alikaa kwenye saruji, akacheka, kisha akatapika.

Nilimpa maji. Alipoweza kusema, neno lake la kwanza lilikuwa, "Usimwambie Hodan."

"Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe," nilimjibu. "Na sasa nakujibu. Ile swali yako. Haifai, Yusuf. Mbele iko mzima, lakini nyuma yote imekufa, imekufa kutoka ndani. Inaweza kutengenezwa na watu wenye vifaa ambavyo hatuna, na wakimaliza itakuwa gari ingine."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani anakubali. "Wewe umeshtuka tu," alisema. "Tutabandika mabati. Tutakata vipande vinene, tunachomelea juu, tunapaka pati kuziba, tunapaka rangi. Nani atalala chini kuangalia?"

"Barabara itaangalia. Siku utampakia yule mama, na pengine Hodan na mtoto, ukapiga shimo moja, itajikunja katikati. Mkono wangu hauchomelei kitu hiyo."

"Basi nitatafuta fundi mwingine. Longbridge wamejaa mafundi." Alisema hivyo akitazama pembeni. "Wanaume wenye uzoefu."

Nilichukua koti langu nikaondoka. Nilitembea kutoka Stechford mpaka mjini kwa miguu, kwa sababu sikutaka mtu kwenye basi aone uso wangu. Sikulia kwa ajili ya yale maneno. Nililia kwa sababu nilikuwa nimesema hapana, na hapana ile ilikuwa imekula kazi yangu pia.

Siku zikapita bila simu. Kisha mchana mmoja Hodan akaja Kingstanding, peke yake, kwa mabasi mawili, na tumbo lake lile. Nilikuwa jikoni na mama mwenye nyumba, tunatwanga sombe, yale majani ya muhogo, na nyumba nzima inanukia majani na mawese. Tulimpa kiti, tukampa chakula, hakukigusa. "Ameniambia yote," alisema. "Alivyobanwa. Ameniambia akalia, halafu kesho yake akarudi kule kule. Sasa ananunua mabati. Anachomelea mwenyewe, abaayo. Ana alama za moto mpaka shingoni." Kule Nairobi Yusuf hakuwahi kuchomelea, nilijua, na nilijua pia kwamba tangi la petroli la lile gari lilikuwa bado mahali pake. Nilivaa viatu hapo hapo.

Nilimkuta amepiga magoti kando ya gari. Kazi aliyoifanya ilikuwa ya kusikitisha, matone ya chuma yaliyoshikilia hewa. Hakunisalimia. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mengi na makali, lakini nilipoiona ile shingo yake yenye malengelenge yakaniishia. Nilichukua nyundo ndogo mezani nikampa. "Piga mwenyewe," nilimwambia. "Anzia mbele." Alisita, kisha akaipokea. Akapiga mbele, ikalia. Akasogea, akapiga; ikalia. Akafika usawa wa mlango, akapiga, ikakohoa. Akapiga tena mahali pale pale kwa nguvu zaidi, kana kwamba hakusikia vizuri. Akaendelea, akazunguka nyuma yote, akarudi upande wa pili, na banda zima likawa linasikiliza. Yeye alikuwa mtu wa injini. Maisha yake yote alifanya kazi kwa masikio. Alipomaliza aliketi chini, akaegemeza mgongo kwenye gurudumu.

"Nimemwahidi yule mama," alisema.

"Twende tumwambie. Tutaenda wote."

Doreen alitukaribisha sebuleni, chumba chenye zulia la maua na sanamu ya farasi wa kauri juu ya runinga, akatuletea chai na biskuti kwenye sahani. Yusuf hakunywa. Alisema yote, na alisema vizuri, kwa Kiingereza chake cha taratibu: kwamba mimi nimeangalia, kwamba yeye hakutaka kusikia, kwamba gari halitatembea tena kamwe, na kwamba anaomba msamaha kwa kumpa ahadi kabla ya kutazama chini. Nilingojea machozi. Doreen alikoroga chai yake kwa muda mrefu.

"Unajua, bab, mimi sijawahi kulipanda," alisema.

Hatukuelewa.

"Ron alilileta hapa likiwa zima. Jumapili alikuwa anatoka nalo peke yake. Alisema nitachafua viti. Jioni nyingine zote alikuwa kule kibandani analipangusa. Nilikuwa nampelekea chakula namwekea mlangoni, kwa sababu hakutaka niingie na makombo. Miaka yote." Aliweka kijiko kwenye kisosi. "Sikutaka matembezi. Nilitaka tu kukaa mle ndani nione kulikuwa na nini."

Yusuf alikuwa ameinama. Masikio yake yalibadilika rangi. Sidhani kama mahubiri yoyote msikitini au maneno yoyote ya Hodan yaliwahi kumfikia jinsi yale yalivyomfikia, na yule mama hakuyasema kwa ajili yake. Njiani tukirudi, tulipofika kwenye taa za barabarani, alisema, "Injini ni nzima." Nikasema najua. "Bodi haiwezi kwenda," akasema, "lakini injini inaweza kuwaka."

Alihitaji Jumamosi mbili, na safari hii alirudi nyumbani kula. Mimi niliondoa tangi bovu nikaweka dumu dogo la petroli kando, na bomba la kupitisha moshi nje, nikalipandisha gari juu ya magogo mazito ya reli pande zote, hata nikalirukia kuhakikisha. Tulirudisha viti viwili vya mbele, tukavifunga kwenye mbao nilizozikata badala ya sakafu. Hodan alikuja. Hakuwahi kutia mguu kwenye lile banda kabla ya siku hiyo, na alisimama mlangoni ameshika mkoba wake mbele ya tumbo kama ngao. Yusuf alimleta Doreen kwa teksi, mama mwenyewe akiwa amevaa koti lake la kanisani na kupaka lipstiki.

Yaliyofuata baada ya siku ile nayajua kwa sababu nimeyaishi. Injini ilichukuliwa na mtu aliyekuwa na gari kama lile, zima, lisilo na injini. Bodi niliikata mimi mwenyewe. Yusuf aliendelea na teksi, ila siku tatu za wiki zilikuwa za banda, na gari letu la kwanza lilikuwa dogo la muuguzi mmoja, lililofeli ukaguzi kwa kutu kwenye sakafu. Nilichomelea, likapita, akawaleta wauguzi wenzake. Hakuna mwenye gari la kifahari aliyewahi kututafuta. Gereji ile bado ipo, nami bado nimo, na jina letu linajulikana na watu wanaohitaji kufika kazini kesho asubuhi. Lakini nikiulizwa mwaka ule ulikuwaje, huwa nairudia tu Jumamosi ile ya Doreen na Hodan.

Doreen alishikwa mkono akapanda kiti cha abiria. Alipangusa viatu kwanza, kisha akajikumbuka, akaviingiza hivyo hivyo. Yusuf alimfungulia Hodan mlango wa dereva. "Mimi?" Hodan aliuliza. "Si wewe?" Akasema, "Kaa." Akainama dirishani, akamwonyesha ufunguo. Hodan aliuzungusha. Gari lilikohoa, likanyamaza. Akazungusha tena, na ile injini ikaamka kwa ngurumo iliyopita chini ya miguu yangu na kupanda mpaka kwenye mbavu. Spana zikacheza ukutani, na hakukuwa na treni. Hodan alipiga ukelele. Doreen alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya dashibodi, anatazama mbele kupitia kioo, ukutani, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kisha akageuka kwa Hodan na kusema kwa sauti ya juu, ili asikike, "Ni hivi tu?" Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka akiwa anacheka, na Hodan, ambaye hakuwa amemjua mwanamke yule hata kwa nusu saa, akamshika mkono.

Yusuf aliniangalia, akaelekeza kidole kwenye dumu. Petroli ilikuwa inakaribia kwisha. Akanyoosha mkono kupitia dirishani kuzima.

"Wacha," alisema Hodan. "Wacha kidogo."

Akaurudisha mkono. Tukasimama pale, yeye na mimi, tukiwaangalia wanawake wawili waliokaa ndani ya gari lisilokwenda popote, mpaka likazimika lenyewe.